The Witcher 3: gemu inayokuachia dhambi zako mwenyewe

Nimechelewa najua, hii kitu imetoka 2015 na wengi mlishaimaliza, mi nimepata CD ya mtumba ya PS4 juzi juzi tu na nishapoteza zaidi ya saa 80 humo ndani. Natoboa siri za stori, ambaye hajacheza apite.

Nilizoea gemu zenye mizani. Gemu ya Fallout 3 mfano ina karma, yaani alama za wema na ubaya, ukiiba inashuka, basi unatoka nje ya mji wa Megaton unampa ombaomba maji safi mara kadhaa ushatakasika, kesho unaiba tena. Nilikuwa nacheza hivyo kabisa, nachaji wema kama salio la simu. Huku kwenye The Witcher, unapocheza kama Geralt, mwindaji mazimwi wa kukodiwa, hakuna mita wala wa kukupongeza.

Mwanzoni tu, kijiji cha White Orchard, kuna fundi chuma mbilikimo kachomewa karakana. Nikafuata nyayo nikamkuta mlevi mmoja, akataka kunihonga nimwachie nikakataa, sheria ni sheria bwana. Askari wa Nilfgaard, dola iliyovamia nchi hiyo, wakamnyonga! Yani kitanzi kwa kuchoma karakana?? Na kumbe alikuwa na hasira kwa sababu fundi anawahudumia haohao wavamizi. Ile hongo ningekula tu.

Ila eneo la Velen ndo lilinimaliza. Kuna roho imefungwa chini ya mti, inakwambia nifungue nikawaokoe watoto yatima kabla wachawi watatu wa kinamasi hawajawala. Inasema kweli au inakuingiza mjini? Nilizunguka ule mti kama dakika kumi, nikaifungua. Watoto wakapona kweli. Lakini roho ikaenda kufyeka kijiji cha Downwarren, na wachawi wakamalizia hasira kwa mama aliyekuwa anawalea wale watoto, akafa, mumewe Baron, mtawala wa eneo lile, akajinyonga. Huyo Baron naye mlevi aliyekuwa anampiga mkewe, sio mtu wa kumlilia, na bado niliumia. Ukiiua roho, mama anabaki hai ila akili imeruka, na watoto ndo basi tena.

Nikataka kurudi nyuma nirekebishe, kumbe sevu yangu ya kabla ya mti ni ya masaa manne nyuma maana majibu hayaji palepale. Wamecheza na akili zetu hao Wapolandi wa CD Projekt Red walioitengeneza, nawapa heshima yao.

Ninachowalaumu ni maneno ya kuchagua kwenye mazungumzo, hayasemi ukweli. Kuna sehemu nilichagua kumsukuma Dijkstra, jasusi mkuu wa zamani, pembeni kwa nguvu, Geralt akamvunja mguu! Sasa hiyo ni kusukuma? Na misheni yake nzima ikafa hapohapo.

Naipa 9 kati ya 10. Mwenye PS5 anapandishiwa toleo bure tangu Desemba 2022, mi nikifa huku kwenye PS4 napata muda wa kuchemsha chai kabla haijafunguka.