Mausi ya gemu kwa mchezaji wa Nyanda za Juu Kusini: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Ukiingia duka la kompyuta Mwanjelwa au Kabwe, jijini Mbeya, ukaulizia mausi ya gemu, cha kwanza utakachotajiwa ni DPI, cha pili ni taa. Hivyo viwili ndivyo vya mwisho kuangalia. Angalia kihisi (jicho la chini linalosoma mwendo wa mausi) kisichodanganya, umbo linalokaa vizuri mkononi mwako, na mwili utakaohimili vumbi la kiangazi la huku kwetu. Orodha hii imepangwa kwa vigezo hivyo.

Tuanze na DPI, maana ndiyo inayomaliza hela za watu. Namba hiyo inaeleza mshale unasogea pikseli ngapi mausi ikisogezwa inchi moja, yaani sentimita 2.54. Laptopu nyingi za mtumba zina skrini yenye upana wa pikseli 1366. Kwa DPI 800, mshale unavuka skrini nzima ukisogeza mkono sentimita 4.3. Kwa DPI 16,000 unavuka kwa milimita 2 na kidogo. Hakuna mkono wa kulenga shabaha kwa mwendo huo, na ndiyo maana wachezaji wengi wa gemu za risasi kama Counter-Strike 2 na Valorant hubaki kati ya 400 na 1600. Mausi ya DPI 6,400 tayari inakupa kuliko utakachotumia.

Chenye faida zaidi ni idadi ya mara ambazo mausi hupeleka taarifa kwenye kompyuta kwa sekunde. Ya kawaida ya ofisini hupeleka mara 125, kila baada ya milisekunde 8. Ya gemu hupeleka mara 1000, kila milisekunde 1. Siku hizi zipo za 4000 na 8000, lakini zinaielemea prosesa, na kwenye mashine ya zamani gemu huanza kukwama. Ishia 1000.

Kabla ya kuchagua, pima mkono kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Mausi yenye urefu wa karibu asilimia 60 ya kipimo hicho huwa inakaa sawa. Mkono wa sentimita 19 unataka mausi ya sentimita 11 na nusu hivi. Wa sentimita 21 unataka ya 12 na nusu. Anayelaza kiganja chote juu ya mausi anaweza kuongeza kidogo, anayeshika kwa ncha za vidole apunguze.

Nafasi ya kwanza tunaipa Logitech G102, ambayo kwingine huuzwa kwa jina la G203. Ni ya waya, gramu 85, vitufe sita, DPI 8,000, urefu wa milimita 116.6. Haina maajabu, ila kihisi chake hakipotezi mwelekeo ukivuta kwa nguvu, na gamba lake halina matundu. Kasoro yake ni waya. Ni mgumu, na baridi ya Juni na Julai ya Mbeya, Njombe au Makete huukaza zaidi, hadi unavuta mausi pembeni wakati unalenga. Dawa yake: unyooshe kwa vidole sehemu zilizokunjwa kwenye boksi, kisha ubandike kwa selotepu kwenye ukingo wa chini wa skrini, ukiacha kitanzi cha sentimita 20 hadi 25 kati ya selotepu na mausi. Waya usiguse meza. Anayetumia mkono wa kushoto ajue kwamba umbo linamfaa, lakini vitufe vya pembeni viko upande wa kushoto tu, kwa ajili ya dole gumba la mkono wa kulia.

Ya pili ni Logitech G304, au G305, ni ileile. Haina waya, umbo ni kama la G102, DPI 12,000, gramu 99 ikiwa na betri moja ya AA. Ilitoka mwaka 2018 kwa dola 59.99. Kampuni inasema betri moja inafikisha saa 250. Ukicheza saa nne kwa siku, hiyo ni miezi miwili. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Betri za bei ya chini zinazouzwa kwa ajili ya redio na saa za ukutani huisha haraka, na zikiachwa humo huvuja. Maji yake hula springi na kibati cha ndani, kisha mausi inawaka na kuzima ovyo hadi mwenye nayo anadhani kihisi kimekufa. Weka betri ya alikalaini. Ukipata ya lithiamu, ni gramu 15 hivi badala ya 23, na mkono utaisikia tofauti hiyo.

Kwenye hii hii, usichomeke kipokezi (kile kipande kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi) nyuma ya CPU karibu na tundu la USB 3.0, lile la buluu, likiwa na flashi au diski. Matundu hayo hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz na mshale unaanza kurukaruka. Ndani ya boksi kuna waya wa kurefusha. Utumie, kipokezi kikae mezani umbali wa shubiri moja kutoka kwenye mausi. Na ukiinunua kwa mtu, fungua kifuniko cha betri uone kama kipokezi kipo. G304 haina Bluetooth, kwa hiyo bila kipokezi umenunua plastiki.

Ya tatu, Razer DeathAdder Essential, ni ya wenye mikono mikubwa: milimita 127, gramu 96, DPI 6,400, ya mkono wa kulia pekee. Kwa anayelaza kiganja na kucheza saa nyingi inapumzisha kuliko G102. Inashika nafasi ya tatu kwa sababu haina kitufe cha kubadilisha DPI juu yake. Mpaka usakinishe programu yake, na hiyo inataka bando.

HyperX Pulsefire Haste ingekuwa ya pili kama tungekuwa tunaandika kwa ajili ya mji usio na vumbi. Ina gramu 59 tu na waya laini sana. Lakini toleo la kwanza lina gamba la matundu kama sega la nyuki. Swichi zilizo chini ya vitufe vyake zimekingwa dhidi ya vumbi, ila gurudumu na bodi haviko hivyo. Chumba kinachotazama barabara ya vumbi Uyole kitaijaza. Kama una fundi wa kuifungua na brashi laini, ichukue.

Logitech G502 HERO, gramu 121 na vitufe 11, iwaendee wanaocheza Dota 2 na gemu za mikakati. Kwa gemu za risasi ni nzito. G Pro X Superlight 2 ni nzuri kweli, lakini ilitoka 2023 kwa dola 159, na hela hiyo ingeongeza RAM na SSD kwenye mashine yako.

Zile zisizo na jina, zinazowaka rangi saba na kuandikwa 7200 DPI, ziache. Mara nyingi kihisi chake ni cha DPI ndogo na namba inakuzwa kwa kuzidisha, hivyo mshale unaruka pikseli badala ya kuzipitia. Kama hela bado, mausi ya ofisini ya waya, ya HP au Dell, itakutendea haki kuliko hizo hadi ujipange.

Dukani, omba laptopu na ujaribu. Fungua Paint, chora mstari wa mshazari polepole: ukitoka na ngazi au ukajinyoosha wenyewe, kihisi kina shida. Vuta mausi kwa ghafla kushoto na kulia: mshale ukiruka juu au kuganda, hivyohivyo. Kisha bofya folda mara moja moja, taratibu, mara 30. Ikijifungua yenyewe hata mara moja, swichi inabofya mara mbili, ugonjwa wa kawaida wa mausi zilizotumika, na hauponi kwa kupulizia. Mwisho, inua mausi kwa CD moja mbele na moja nyuma, kihisi kibaki wazi juu ya pedi. CD ina unene wa milimita 1.2. Ongeza CD ya pili kila upande. Mshale ukiendelea kufuata kwa milimita 2.4, kila ukiinua mausi kuirudisha katikati shabaha yako itahama.

Ukiagiza Kariakoo mzigo uje kwa basi, majaribio hayo yafanyike kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji video ya Paint na ya folda, pamoja na picha ya kibandiko cha chini chenye namba. Kubalianeni mapema nani analipa nauli ya mzigo ikibidi urudi.

Ikishafika, fungua mipangilio ya mausi kwenye Windows, kichupo cha Pointer Options, ondoa tiki kwenye Enhance pointer precision na uache kitelezi cha kasi katikati. Tiki hiyo ikibaki, umbali anaokwenda mshale unategemea kasi ya mkono, na mkono hauwezi kuzoea. Anza na DPI 800, kwenye pedi ya kitambaa yenye mpira chini, upana usiopungua sentimita 40. Meza ya kioo au iliyopakwa vanishi ya kung'aa itakifanya kihisi chochote kati ya hivi kibabaike.