Tathmini: seti ya kuotesha bonsai ya msonobari, kwa mtu anayeishi Mwanza

Seti za kuotesha bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chungu, kutokana na mbegu sasa zinapatikana kwa urahisi kwa wanaoagiza vitu mtandaoni, na niliyoijaribu mimi, ambayo ni ya msonobari mweusi wa Japani, ilinigharimu shilingi 48,000 pamoja na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam. Ndani ya boksi mlikuwa na pakiti ya mbegu, vidonge vya nyuzi za nazi vinavyoumuka vikilowekwa, vikopo vya plastiki, mkasi mdogo, waya wa aluminiamu na kijikaratasi cha maelekezo. Vifaa ni vizuri na mbegu ni hai, lakini maelekezo yameandikwa kwa ajili ya nchi yenye majira manne, na anayeyafuata neno kwa neno akiwa hapa Mwanza, Ilemela au Nyamagana, atapoteza miche mingi bila sababu.

Sehemu ya mbegu imeelezwa vizuri. Mbegu hulowekwa kwa siku nzima, zinazoelea hutupwa, na zilizozama hufungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, zikatiwa ndani ya mfuko na kuwekwa kwenye friji, wala si kwenye friza, kwa mwezi mmoja hadi miwili katika nyuzi joto 4 hivi. Baridi hiyo hushika nafasi ya majira ya baridi ambayo mbegu ingeyapitia ardhini huko kwao. Mbegu zangu nyingi zilizozama zilichipua, na kwa hilo muuzaji anastahili sifa.

Shida inaanza na vidonge vya nyuzi za nazi. Nyuzi hizo hushika maji mno, na katika unyevu wa mvua za Novemba hapa ziwani hazikauki hata juu. Mche wa msonobari ukitoka huwa na shina jembamba lenye wekundu, na juu yake duara la majani ya sindano ambayo ncha zake bado zimeshikwa na ganda la mbegu. Jioni umesimama wima; asubuhi umelala, na pale shina linapogusa udongo pamebonyea na kuwa kahawia. Hicho ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga, na mche ukishafikia hapo hauponi. Nashauri vidonge hivyo viachwe kabisa. Mahali pake nimetumia mchanga mnene uliooshwa na kuchekechwa, pamoja na matofali ya kuchoma yaliyopondwa hadi kufikia ukubwa wa punje za mahindi, vumbi lote likiwa limeondolewa. Tofali hunywa maji na kuacha hewa ipite, na kazi hiyo ndiyo wanayoitegemea Wajapani kwa udongo wao wa akadama, ambao kuuagiza hadi hapa ni gharama isiyo na maana. Kokoto za mawe yetu ya Mwanza zinafaa kuwekwa chini ya chungu tu, kwa kuwa hazishiki maji. Ni vyema pia kupanda Juni, kiangazi kinapoanza, ukamwagilia mwenyewe kwa kipimo, ili mvua za Oktoba ziikute miche ikiwa imekomaa shina.

Kasoro kubwa zaidi ni jambo ambalo kijikaratasi hakikulitaja hata kidogo, nalo ni kukata mzizi mkuu wa mche ungali mchanga. Msonobari ukiachwa hushusha mzizi mmoja mnene kwenda chini, ilhali uzuri wa bonsai huanzia kwenye mizizi inayotandaa pande zote juu ya udongo. Kwa hiyo, sindano za kweli zinapoanza kuchungulia katikati ya majani ya mbegu, yaani lile duara la kwanza, shina hukatwa kwa wembe safi sentimita 1 au 2 chini ya majani hayo, mzizi huachwa, na kipande cha juu hupakwa unga wa kuchochea mizizi na kupandwa upya kwenye mchanga safi kivulini. Baadhi ya miche hufa, lakini inayopona hutoa mizizi kuzunguka mkato wote, na msingi huo ni vigumu sana kuutengeneza baadaye. Kuuza mbegu za bonsai bila kumweleza mnunuzi hatua hii ni kumnyima kitu kinachotofautisha bonsai na mche wowote uliopandwa kwenye kopo.

Hakuna neno pia kuhusu kuvu ya mizizini. Misonobari si miti ya asili ya Tanzania, na bila kuvu inayoshirikiana na mizizi yake, mche hudumaa na kugeuka njano hata ukipewa mbolea. Watu wa vitalu vya misitu huchanganya kwenye viriba udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokomaa. Kwetu udongo huo hauko mbali: upo kwenye mashamba ya miti ya Buhindi wilayani Sengerema na Rubya kule Ukerewe, na ukiomba ruhusa, konzi moja yenye nyuzi nyeupe za kuvu inatosha vyungu vingi.

Kuhusu kalenda, kijikaratasi kinaagiza machipukizi ya mwaka yakatwe Juni au Julai ili yatoke mengine yenye sindano fupi. Ushauri huo ni sahihi kwa Japani, ambako urefu wa mchana wa Juni na wa Desemba hutofautiana kwa zaidi ya saa nne, na ni kwa mti uliokomaa wenye nguvu, si kwa mche. Mwanza mchana hautofautiani hata kwa nusu saa mwaka mzima, na mti huchipua unavyopenda, hivyo ni lazima uutazame mti wenyewe badala ya kalenda.

Picha ya boksi inaonyesha mti mzee, na maandishi yanaahidi bonsai baada ya miezi michache. Ahadi hiyo haifai. Msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, ulionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945 na kutolewa zawadi kwa Marekani mwaka 1976, umetunzwa tangu mwaka 1625.

Anayetaka mti unaozoea joto letu kwa urahisi atafute mbegu za paini ya Karibiani, ambayo haihitaji friji. Sindano zake ni ndefu, hivyo bonsai yake iwe kubwa, na mara nyingine hurefuka bila kutoa matawi. Ikifanya hivyo ikatwe mapema, huku sindano za kijani zikibakizwa chini ya mkato, maana msonobari hauchipui kwenye shina tupu.

Waya wa seti, unaozungushiwa shina ili kulipinda, unatosha miche michache kwa mwaka wa kwanza. Ukaguliwe kila wiki, kwa kuwa katika joto hili shina hunenepa haraka, na waya uliosahauliwa huzama ndani ya gome. Ukishaanza kubana, ukatwe kipande kwa kipande kwa mkasi, usifunguliwe kwa kuuzungusha.