Siku tatu Mikro Papingo, Ugiriki: uzoefu wangu

Kama unakwenda Zagori, eneo la vijiji vya milimani kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kutembea milimani, lala Mikro Papingo, usilale Megalo Papingo. Vijiji hivi viwili viko jirani, na kile kikubwa ndicho chenye migahawa na vitanda vingi. Lakini njia ya kupanda mlima Tymfi inaanzia Mikro Papingo, juu ya nyumba za mwisho. Ukilala hapo, unafunga kamba za viatu na kuanza kupanda. Ukilala kule, unaongeza kama nusu saa ya lami asubuhi na nusu saa nyingine jioni, magoti yakiwa yameshachoka.

Nililala usiku tatu mwezi Septemba katika nyumba ya wageni ya mawe. Naipa nyota nne kati ya tano. Chumba kisafi, dari la mbao, maji ya moto hayakukatika. Nyota iliyopungua ni ya kifungua kinywa: kinaandaliwa saa mbili na nusu asubuhi, wakati anayekwenda ziwani anatakiwa awe ameshapita chemchemi ya pili. Jioni ukiomba wanakufungia mkate, jibini na mayai ya kuchemsha, kwa hiyo waambie mapema. Kuta ni nene na madirisha madogo, chumba kinabaki baridi hata jua likiwaka nje. Uliza kabla ya kulipa kama joto linawashwa usiku. Paa zote ni za mawe bapa ya kijivu, mazito, na kijiji kizima kinaonekana kama kimechongwa kwenye mlima wenyewe. UNESCO iliiandikisha Zagori kuwa urithi wa dunia mwaka 2023, na ukikaa pale jioni moja unaona sababu.

Kufika: kutoka Ioannina, mji mkubwa wa eneo hilo, ni kama kilomita 60. Fuata barabara ya Konitsa, pita Kalpaki (hapo ndipo jeshi la Italia lilizuiwa Novemba 1940), kisha kata kulia kwenye kibao cha Aristi. Jaza tangi na uchukue fedha taslimu huko huko Ioannina. Baada ya Aristi barabara inateremka hadi daraja la mto Voidomatis, halafu inapanda kwa kona kali zinazofuatana hadi Papingo. Wengi wanaharibu breki wakati wa kurudi: wanateremka wakiwa wamekanyaga pedali muda wote mpaka harufu inatoka. Weka gia ya pili tangu juu. Mabasi ni machache mno, usipange safari kwa kuyategemea.

Sasa mlima, maana ndio uliokuleta. Kijiji kiko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha wapanda mlima cha Astraka kiko mita 1,950. Ni kupanda tu, saa tatu kwa mtu wa mwendo wa kawaida, njia ya kokoto iliyowekewa alama za O3, ndiyo namba ya njia hiyo. Kuna chemchemi kadhaa zilizojengewa njiani, lakini mwisho wa kiangazi nyingine hupungua au hukauka. Ondoka na lita mbili, kisha ujaze kila unapokuta maji. Usiseme utajaza inayofuata. Kutoka kibandani unateremka kwenye bonde la Xeroloutsa, halafu unapanda tena hadi Drakolimni, ziwa la joka, mita 2,050. Hapo ongeza saa moja hadi moja na nusu. Majini utaona viumbe jamii ya salamanda, tumbo rangi ya chungwa. Usiwashike, na usiingie kuogelea, mafuta ya ngozi yanawadhuru. Ukingo wa nyuma ya ziwa ni genge, kaa mbali nao ukungu ukishuka.

Kwenda na kurudi hesabu saa nane hadi tisa. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu radi za kiangazi hupiga mchana na pale juu hakuna mti wa kujikinga. Kabla ya Juni theluji inaweza kuwa bado imeziba njia. Kuteremka ndiko kunakoumiza: kokoto zinateleza, na viatu visivyobana kifundo vinapindisha mguu. Fimbo mbili zinasaidia kweli. Ukikuta kondoo, zunguka mbali. Mbwa wa wachungaji hawana mchezo. Usikimbie, simama, rudi nyuma taratibu.

Jioni agiza alevropita, chapati nyembamba ya unga, mayai na jibini la feta, isiyo na ngozi kama sambusa. Iliyopikwa vizuri haizidi sentimita moja, kingo zinavunjika kama biskuti. Siri ni trei: inapashwa moto na mafuta kwanza, ndipo uji wa unga unamwagwa. Trei ikiwa baridi au uji ukiwa mzito, unapata mkate laini unaonata. Mahali pamoja nililetewa ya namna hiyo, nzito na ya vuguvugu. Ilikuwa imekatwa mapema na kupashwa tena. Uliza kama inatoka tanuri sasa hivi, na uwe tayari kusubiri.

Siku ya kupumzika, tembelea Kolymbithres, vidimbwi vya asili kwenye tabaka za chokaa kando ya barabara ya kati ya vijiji viwili. Maji ni baridi hata Agosti, na mawe yenye mwani yanateleza.

Ukitaka korongo la Vikos, anzia Monodendri, kijiji cha upande wa pili wa korongo, uje Papingo, saa sita hadi saba. Tatizo ni gari, linabaki upande wa pili wa korongo. Panga teksi usiku wa kuamkia safari kupitia mwenyeji wako, ikupeleke Monodendri asubuhi, gari lako likusubiri Papingo.