Kasha jipya la biri hapa Malindi: mti mzuri, kisaa mwongo

Assalam alaykum watazamaji wangu, hamjambo, karibuni tena. Upepo wa kusi leo unavuma kwelikweli, kwa hiyo mkisikia fuuu kwenye maikrofoni mnisamehe. Dirisha nimelifunga, lakini ni la zamani.

Kitu cha leo ni hiki. Ngojeni nikisogeze. Hili ni kasha la biri, wengine wanaita humidori: sanduku la kutunzia biri, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, zisikauke na zisiote ukungu. Na niseme mapema, siuzi tumbaku hapa. Tumbaku ina madhara, na kama hujafika miaka 18 hii si yako, nenda katazame ile video yangu ya feni ya sola. Wakubwa, twendeni.

Ukubwa, rangi, bawaba, hayo mnayaona kwa macho. Dukani wanasema linaingia biri 50. Mimi nasema 35, ukitaka hewa ipite katikati. Nimelinunua Mombasa kwa shilingi 14,500, pesa yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa bure ili nilisifu.

Kifuniko nimekipenda mno. Nyamazeni kidogo, sikilizeni. Nakiinua... nakiachia. Mmesikia? Hakikupiga pa! Kimeshuka taratibu, kikatoa pumzi, fsss, ndipo kikakaa. Ile ni hewa inatafuta pa kutokea na nafasi ni finyu. Sasa nazima taa. Simu nimeiweka ndani ikiwa na tochi imewashwa, kifuniko kimefungwa. Tazameni pembeni zote. Giza. Hapa kona ya nyuma pana uzi mdogo wa mwanga, mnauona? Huo tu. Basi likiwa na uzi mmoja wa mwanga nalisamehe. Ukiona mstari mzima unang'aa, lirudishe dukani siku hiyohiyo.

Na mti wake, jamani. Ndani halikupakwa vanishi, ni mti mtupu, na ndivyo inavyotakiwa, maana mti ndio unaokunywa unyevu na kuurudisha. Wenyewe wanauita mwerezi wa Hispania, ila si mwerezi na asili yake si Hispania. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi, jina la kitaalamu Cedrela odorata, na ukoo wake ni uleule wa mkangazi na mwarobaini. Mwarobaini huuhuu wa uani kwa bibi! Nilipolisoma hilo nilifurahi sana. Mti huu unanukia vizuri, unavumilia unyevu bila kuoza haraka, na wadudu hawaupendi.

Haya. Sasa tuje kwenye kilichoniudhi.

Mnakiona hiki kisaa cha dhahabu hapa mbele? Ndicho kipima unyevu. Kinapendeza, eh? Mwaka jana kazini, mimi nahudumu baa ya hoteli, tulikuwa na kasha lenye kisaa cha aina hiihii. Mgeni wetu mmoja, mzee wa watu, alituachia biri 20 tumtunzie mpaka arudi. Kila asubuhi nakitazama kisaa, kinasema unyevu ni asilimia 66, 67. Nami naona pakavu, naongeza maji. Siku ya siku nafungua, biri zote zimevaa ukungu wa kijani, kama mkate uliosahauliwa kwenye mfuko. Nilimpigia mzee mwenyewe kumwambia. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo hiki kisaa leo hakipiti hapa bila mtihani.

Mtihani ni wa chumvi. Chumvi ya kawaida, na sisi tuna bahati, mashamba ya chumvi yako hapo juu tu Gongoni na Marereni. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi. Tone la maji. Tone jingine. Koroga na kijiti. Tone jingine. Simama hapo! Tazameni karibu: haijayeyuka, haielei kwenye maji. Iwe kama mchanga wa ufukweni bahari ikishakupwa, ukiukanyaga unaacha unyayo. Ukizidisha maji yakaimeza chumvi yote, mwaga uanze upya.

Sasa kisaa nakitoa kwenye kasha, kinachomoka kwa kidole. Nakiweka kwenye hiki chombo cha plastiki cha kufunga kwa klipu, kile cha kuwekea wali wa jana. Chumvi kando yake, visigusane. Na hapa naweka kipimo cha pili, cha betri, cha tarakimu, nilichonunua shilingi 900. Nafunga. Naviweka mezani mbali na jua, na hakuna kufungua kwa saa 24. Mwanangu ameonywa.

Kwa nini chumvi? Kwa sababu chumvi iliyoloa namna hii, ndani ya chombo kilichofungwa, huituliza hewa kwenye unyevu wa asilimia 75. Iwe Malindi, iwe Norway, ni 75. Haibembelezi mtu.

Nimerudi, ni kesho yake, shati ni jingine. Kipimo cha shilingi 900 kinasema 74. Kimekosea kwa moja, nakipigia makofi. Kisaa cha dhahabu... sogeza kamera. Sitini na sita. 66! Ndani ya hewa ya 75! Pungufu ya tisa. Maana yake nini? Maana yake kikikwambia 70, ile iliyo nzuri, kumbe uko 79, na hapo unafuga ukungu. Hayo ndiyo yaliyonikuta kwa mzee. Nimekaa nikakitazama hiki kisaa, wallahi nimepata hasira upya.

Dawa ipo. Nyuma kina kijitundu chenye mfereji. Bisibisi ndogo ya miwani, geuza polepole ukiwa ndio kwanza umekitoa kwenye chombo, mpaka mshale usome 75. Hivi... hivi... umepita, rudi. Hapo. Lakini mimi nitakiacha kiwe pambo tu na nitasoma kile cha tarakimu. Mtu atengenezaye kifuniko kizuri namna hii, angeongeza shilingi mia chache akaweka kipimo cha kweli.

Halafu kuna kulinywesha kasha. Mti mpya una kiu. Ukiweka biri leo, mti utakunywa unyevu wa biri, na biri zitapasuka ganda. Kwa hiyo unaunywesha kwanza. Najua wengine mnasema, sisi tuko pwani, unyevu tunao wa kumwaga, acha kasha wazi usiku kucha upepo wa bahari ulinyweshe. Msifanye hivyo. Asubuhi hii nje ya dirisha nimepima 81. Mti ukishiba hewa hiyo, utahangaika kuukausha. Na msidhani kwa kuwa ni pwani basi limekuja limeshiba. Lilikaa dukani kwenye kiyoyozi, na kiyoyozi hukausha hewa. Nilipolifungua siku ya kwanza ndani palikuwa 52.

Karatasi ya maelekezo inasema ufute ndani kwa kitambaa kilicholowa. Hapana. Mti ukinywa kwa pupa unavimba, nyuzi zinasimama, na kile kifuniko nilichokisifu kinapinda. Weka kisahani, juu yake sponji mpya isiyo na sabuni, maji kiasi, funga. Mti unywe mvuke, taratibu.

Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa. Maji ya bomba na ya kisima yana madini, na mtu yeyote wa Malindi aliyetazama ndani ya birika lake anajua ule ukoko mweupe. Ukoko huo ndio utakaoziba sponji. Duka la dawa utayapata. Yapo pia ya vituo vya mafuta, ya kuongezea betri ya gari, lakini soma lebo mara mbili uhakikishe ni maji na si asidi ya betri!

Kama una pesa, zipo pakiti za Boveda, vifuko vya kutuliza unyevu, zilizoandikwa 84. Unatia, unafunga siku 14, hufungui. Ni safi na hazimwagiki. Mimi nimetumia kisahani. Siku ya nne 71. Siku ya saba 77, nikatoa kisahani, nikatia pakiti mbili za 65. Siku ya kumi, yaani leo, 68 na inashuka.

Vitabu vingi vinasema unyevu wa 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Nyuzi 18, hapa? Chumbani kwangu sasa hivi ni 27, na hiki ndicho kipindi chetu cha baridi. Joto likishapita nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku huanza kuanguliwa. Ni kidude kidogo cha kahawia, mfano wa fukusi, kinatoboa biri kama msumari. Ndiyo maana nataka 65. Joto siwezi kulishusha bila bili ya stima ya kulia machozi, unyevu naweza. Na kasha likae chini kwenye kabati la ndani, si juu ya friji, kule nyuma yake panatoka moto.

Watu wananiuliza kuhusu lile kasha la akriliki, la kioo kioo. Linaziba vizuri, ila halina mti wa kunywa wala kunukia. Tena, chombo cha wali cha shilingi 600 kikiwa na pakiti na vipande vya mti huu kitatunza biri sawasawa. Ukiwa na biri tano, usinunue kasha, nakwambia ukweli. Na kwa wanaofanya kazi na wageni wetu Waitaliano: zile Toscano zao nyeusi ni kavu tangu asili, hazihitaji kasha. Msizichanganye na za Cuba mkazilowesha.

Habari za chaneli: wiki ijayo nakwenda Lamu kwa fundi wa makasha, nataka kumuuliza kama mkangazi wetu unaweza kazi hii. Bonyeza kengele usiikose.

Bei? Kwa mti na kifuniko, 14,500 naipa. Kwa kisaa kile, hapana, ningekata elfu mbili. Biri zenyewe sijazitia bado. Zimo kwenye friza, zimefungwa mifuko miwili, siku tatu kuua mayai ya yule mdudu, kisha siku moja kwenye friji ya kawaida zisipasuke kwa kushtushwa na joto. Zinatoka Ijumaa, na mzee wa biri 20 anafika Jumamosi. Zote ni zake.