TAHADHARI TABORA: kuna mtu anawauzia askari wastaafu "msamaha wa kodi ya nyumba"

Jamani wana Tabora, hasa wenye wazee waliopigana vita vya Kagera, someni hii alafu muwapigie wazee leo leo. Kuna jamaa anapita mitaa ya Ipuli na Cheyo, kavaa vizuri, ana begi la makaratasi, akifika anasema shikamoo afande, anakaa anasikiliza stori za vita weee mpaka mzee amwamini, ndo anatoa karatasi anasema walioumia vitani wamefutiwa kodi ya majengo ila lazima wafungue faili, elfu sitini, na kopi ya NIDA na hati ya nyumba.

Baba mdogo wangu aliacha mguu Uganda mwaka 1979. Hiyo sitini ameitoa, hela ya pensheni, kaituma kwenye namba ya mtu binafsi, na jamaa akamwambia atarudi kuchukua hati yenyewe ikagongwe muhuri. Namshukuru Mungu nilifika Jumamosi kabla hajarudi, maana hati ikishaondoka hapo hatuongelei tena elfu sitini, tunaongelea nyumba.

Nikaisoma ile karatasi. Kiswahili kimekaa hovyo, na chini limebaki neno Texas! Kumbe ni sheria ya Marekani, kule Texas askari mstaafu aliyepimwa na idara yao akaonekana ana ulemavu wa asilimia 100 halipi kodi ya nyumba anayoishi. Ni kweli kabisa, ila ya kwao.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi tangu 2023, zamani ilikuwa 1,000. Kwahiyo elfu sitini ni kodi ya miezi 40! Na mzee ana miaka 69, na sheria yetu inasamehe nyumba moja anayoishi mwenyewe mzee wa miaka 60 kwenda juu, na mlemavu asiye na kipato pia, awe alikuwa jeshini au alikuwa analima tumbaku Urambo. Yani kauziwa haki yake mwenyewe. Na sisi watoto tunamtumia hela ya luku kila mwezi hatujawahi kuuliza kwanini anakatwa.

Mwenye mzee wa hivyo aanzie kwa mtendaji wa mtaa, abebe kitambulisho na namba ya mita. Malipo ya serikali yana kontroo namba, ukiambiwa tuma kwenye namba ya simu ya mtu, usitume. Na hati isitoke ndani.

Jumatatu saa mbili asubuhi nampeleka mzee polisi kufungua jalada. Kama na nyie mmetoa hela njooni tuonane pale nje, na zile meseji za muamala msizifute.