ClinicalTrials.gov kwa mzazi wa Nairobi: sajili nzuri, lakini si kliniki

Mzazi wa Nairobi ambaye binti yake anazidi kukonda huku akikataa chakula, na ambaye tayari amekwisha kumtibu alsa (vidonda vya tumbo) bila mafanikio, huenda akaishia kwenye ClinicalTrials.gov, sajili ya majaribio ya kitabibu inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu mwaka 2000. Matumizi yake ni bure. Unaandika jina la ugonjwa, kwa mfano anorexia nervosa (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa kuogopa kunenepa), unachagua umri wa chini ya miaka 18, kisha unabakiza majaribio ambayo bado yanaandikisha washiriki.

Uzuri wa sajili hii umo katika sehemu ya vigezo vya kushiriki, na ningemshauri mzazi aanzie hapo. Ndipo atakapogundua kwamba majaribio mengi hayampokei kijana ambaye mapigo ya moyo yameshuka kupita kiasi au anayehitaji kulazwa, yaani yule yule ambaye wazazi wake wamekesha wakimtafutia msaada. Ataona pia kwamba majaribio ya tiba ya kifamilia, ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley mjini London na inayowakabidhi wazazi usimamizi wa kila mlo hadi uzito urudi, kwa kawaida humtaka mshiriki awe anaishi na familia yake. Kwetu, ambako wanafunzi wengi wa sekondari hulala bwenini na kula chakula cha shule muhula mzima, sharti hilo pekee laweza kumlazimu mzazi kumhamishia mtoto shule ya kutwa.

Lugha ya sajili ni Kiingereza kigumu cha kitaalamu, na vituo vingi vya majaribio ya aina hii viko Marekani na Ulaya. Isitoshe, jaribio kuorodheshwa hapo si ushahidi kwamba serikali ya Marekani imelikagua na kuliidhinisha. Tovuti yenyewe inatahadharisha hivyo. Ukialikwa kwenye utafiti hapa Kenya, omba kuonyeshwa idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayosimamia utafiti), na ikiwa ni jaribio la dawa, kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu. Mzazi ndiye anayetia sahihi ya ridhaa, lakini kijana naye lazima aulizwe, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza vilevile kundi la kulinganishia, yaani wale wasiopewa tiba inayojaribiwa, litapewa nini, kwa maana huenda mtoto wako akaangukia huko.

Kwa kumwandaa mzazi kuuliza maswali, ninaipa nyota nne. Kwa anayetafuta matibabu ya wiki hii, nyota moja: binti anayezirai apelekwe hospitali, wala asilazimishwe kula sana kwa ghafla nyumbani, kwani aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa, fosfeti ya damu (madini ambayo mwili unayahitaji) inaweza kushuka na kuudhuru moyo.