foobar2000 kwa anayechanganya nyimbo zake mwenyewe

Kwa maktaba kubwa ya faili za muziki, programu hii ya kupiga nyimbo kwenye kompyuta ni bora kabisa. Wengi hukosea wanapochagua Random kwenye menyu ya Playback: huokota upya kila mara, hivyo wimbo uleule unaweza kurudi mapema. Chagua Shuffle ya nyimbo, na kila mmoja utapigwa mara moja kabla ya orodha kuanza tena.

Kero kubwa ni sauti kupanda na kushuka. Teua faili zote, bofya kitufe cha kulia, ingia ReplayGain (mfumo wa kusawazisha sauti za nyimbo), pima kila faili peke yake, kisha kwenye mipangilio weka "track" (kwa kila wimbo), si "album" (kwa albamu nzima). Vipimo huhifadhiwa kwenye lebo tu, yaani maelezo yanayoambatana na faili. Muziki wenyewe hauguswi. Sura ya programu imepooza, ila hilo linavumilika.